Naomba ushauri: nina pingamizi la kushinda shauri, lakini taasisi ninayoitetea ilikosea

Wakili_Bonde

Salamu kwenu nyote, na shikamooni wakubwa. Mimi ni Wakili wa Serikali. Ninashughulikia mashauri ya madai na ya kazi, na kabla ya kuajiriwa nilifanya kazi katika ofisi ya mawakili wa kujitegemea. Baadhi ya maelezo nimeyabadili kwa makusudi, kwa kuwa majalada ninayoyazungumzia si mali yangu, lakini kiini cha tatizo nimekiacha kama kilivyo.

Jalada la kwanza ni la ajira. Taasisi moja ya umma ilimfukuza kazi mtumishi wa idara ya fedha kwa tuhuma za upotevu wa fedha. Alipewa hati ya mashtaka, akajibu kwa maandishi, kisha kamati ya uchunguzi ikakaa. Hata hivyo, ripoti ya ukaguzi wa ndani, ambayo ndiyo msingi wa tuhuma zote, hakukabidhiwa kabla ya kikao. Aliisikia ikisomwa vipande vipande siku hiyo hiyo, na mmoja wa wajumbe wa kamati alikuwa miongoni mwa walioiandaa. Alipofukuzwa hakukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma, bali alifungua mgogoro katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi wetu tunaiita CMA. Kwa kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma, kilichoongezwa mwaka 2016, mtumishi wa umma hana budi kumaliza kwanza njia zote za nafuu zilizomo katika sheria hiyo kabla ya kugeukia sheria za kazi. Pingamizi la awali ninalo, yaani hoja ya kisheria ya kutaka shauri liondolewe kabla ya kusikilizwa, na sioni litakavyoshindwa.

Jalada la pili ni la madai. Mzabuni alileta vifaa katika taasisi hiyo hiyo, na hati za kupokea mzigo zina saini na mhuri. Alitoa notisi ya siku 90 kama Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali inavyotaka, na nakala akampelekea Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Hakuna aliyemjibu. Sasa amefungua shauri Mahakama Kuu, na maelekezo niliyopewa na taasisi ni mafupi: "Kanusha kila kitu."

Ninaomba kufahamu mambo mawili. Je, wajibu wangu unaishia katika kuwasilisha pingamizi na utetezi, au ninapaswa kuieleza taasisi kwa maandishi kwamba imekosea? Na kama ninapaswa, niandike vipi bila kuonekana kwamba ninamtetea mdai?

---

Afisa Sheria Mstaafu

Marahaba, wakili. Tuanze na pingamizi, kwa sababu naona linakusumbua dhamiri pasipo sababu. Suala la mamlaka ya chombo kusikiliza shauri si silaha unayochagua kuitumia au kuiacha. Hata ukinyamaza, mwamuzi anaweza kuliibua mwenyewe. Asipoliibua, litaibuliwa katika marejeo Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi au hata Mahakama ya Rufani, na wakati huo mtumishi yule atakuwa amepoteza miaka akifuatilia tuzo, yaani uamuzi wa CMA, isiyo na msingi. Mahakama ya Rufani ilikwisha kueleza msimamo huu mwaka 2022 katika shauri la Shirika la Posta lililotokea Mtwara, ambamo iliamua kwamba CMA haikuwa na mamlaka juu ya mgogoro wa mtumishi wa umma. Kwa hiyo liwasilishe, tena mapema, siku ya kwanza kabisa. Kumchelewesha mtu katika chombo kisicho na mamlaka ndiko kungekuwa ukatili.

Penye uzito ni kile kitakachofuata. Shauri litaondolewa; halitakuwa limeamuliwa nani ana haki. Mtumishi ataomba kuongezewa muda na kukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma, ambako muda wa kawaida ni siku 45. Akiongezewa muda, Tume itaitisha kumbukumbu zote za mwenendo wa nidhamu, na hapo ndipo ile ripoti ambayo hakupewa itakapofunguliwa mezani. Asiporidhika atakwenda kwa Rais, na asiporidhika huko anaweza kuomba kibali cha mapitio ya mahakama, yaani jaji apime kama uamuzi ulifikiwa kihalali, katika Mahakama Kuu, ndani ya miezi sita, akidai kwamba alinyimwa haki ya kusikilizwa. Kasoro uliyoieleza ni ya aina ile ile ambayo majaji huikamata haraka, kwa kuwa haihitaji ushahidi mrefu: ama alipewa ripoti ama hakupewa, ama mjumbe aliandaa ripoti ama hakuiandaa.

Taasisi ikiambiwa "tumeshinda" na isiambiwe lolote zaidi, mtu yule akirudi baada ya miaka mitatu na amri ya kurejeshwa kazini pamoja na mishahara yake, watakaokuwepo ofisini watauliza kwa nini mwanasheria wao hakuwaonya. Niliwahi kuulizwa swali hilo kuhusu jalada ambalo hata sikulishughulikia mimi, na kilichoniokoa ni barua ya mtangulizi wangu iliyokuwa imefungwa ndani ya jalada.

---

Kusi Chambers

Mimi ni wakili wa kujitegemea, yaani huwa ninakaa upande wa pili wa meza, na nitasema jambo ambalo huenda mawakili wa Serikali wasilipende. Nusu ya mashauri ya wazabuni yasingefika mahakamani kama notisi zingesomwa. Sheria iliweka siku 90 ili Serikali ipate nafasi ya kuchunguza dai na, pale linapokuwa la kweli, kulimaliza kabla ya gharama kuanza kukua. Mteja wangu anapokaa siku zote hizo bila kupata hata barua ya kukiri kupokea notisi, huja ofisini akiwa na hasira, na mtu mwenye hasira hapunguzi hata shilingi ya riba.

Kuhusu "kanusha kila kitu", mleta mada anafahamu vyema kwamba Amri ya 8 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai haikubali ukanushaji wa jumla. Jambo lisilokanushwa mahususi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Nikiona utetezi wa namna hiyo mbele ya hati zenye mhuri wa taasisi yenyewe, ninafurahi, kwa sababu shahidi wa kwanza wa Serikali atakapopanda kizimbani nitamwonyesha saini moja tu.

---

Mama Rasilimaliwatu

Wanangu wanasheria, nami niongeze neno kutoka upande wa utawala. Sisi maofisa wa rasilimaliwatu mara nyingi hatuletewi majibu ya mashauri. Tunasikia tu kwamba shauri "limeisha". Laiti tungeandikiwa kwamba liliisha kwa pingamizi, na kwamba kamati yetu ilikuwa na mjumbe asiyestahili kukaa, tungeteua wajumbe wengine katika shauri linalofuata. Katika taasisi niliyofanyia kazi zamani kosa hilo hilo la mjumbe lilijirudia, kwa kuwa kila mara tulidhani tumeshinda.

---

Wakili_Bonde

Ninawashukuru sana. Kwako Mzee Afisa Sheria Mstaafu, suala la mamlaka limenikaa vizuri sasa. Kwa wakili wa Kusi Chambers, naomba nieleze kwamba muda wa siku 21 wa kuwasilisha utetezi umeanza kuhesabiwa na bado unaendelea. Ugumu wangu ni kwamba mkuu wa kitengo cha sheria wa taasisi husika anaamini kwamba kukubali sehemu yoyote ya dai ni kujisalimisha, na anasema kwamba kwa vyovyote vile mali ya taasisi ya umma haikamatwi katika kukazia hukumu, yaani kuitekeleza, kwa hiyo hakuna haraka.

---

Afisa Sheria Mstaafu

Hoja hiyo ya kukazia hukumu nimeisikia tangu nikiwa kijana, na ninaikataa kabisa. Ni kweli kwamba Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali hairuhusu mali ya Serikali kukamatwa, na marekebisho ya mwaka 2020 yamepanua tafsiri hiyo hadi kwenye mamlaka za serikali za mitaa, wakala na mashirika ya umma. Lakini kutokamatwa mali si kutodaiwa. Baada ya hukumu kiasi kilichoamriwa huendelea kuzaa riba, ambayo kwa kawaida ni asilimia 7 kwa mwaka, na deni lenyewe hukaa katika vitabu vya taasisi hadi Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alikute hapo. Anayelipa ni mlipa kodi, na anayeulizwa ni Ofisa Masuuli, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha za taasisi. Mkumbushe mkuu huyo wa kitengo, kwa adabu, kwamba jina la kwanza katika hoja ya ukaguzi halitakuwa la wakili wa Serikali.

Sasa nijibu swali lako la pili, la namna ya kuandika. Usiandike barua ya lawama. Andika maoni ya kisheria ya siri, yaelekee kwa kiongozi wako kwanza, yaani kwa Wakili Mkuu wa Serikali kupitia kwa msimamizi wako, na kutoka hapo yaende kwa taasisi. Usiyatume moja kwa moja, maana ukiruka ngazi hoja itageuka kuwa utovu wako wa nidhamu, na dai lenyewe litasahauliwa. Eleza ukweli uliomo kwenye jalada kwa kurejea hati kwa hati. Tenganisha kile kinachobishaniwa na kile kisichobishanika. Kwa mzabuni, kwa mfano, huenda kupokelewa kwa vifaa hakubishaniki, lakini bei, ubora, au riba anayodai ikabishaniwa kwa haki kabisa. Muulize ofisa ugavi: je, vifaa vyote vilikaguliwa na kamati ya mapokezi? Je, mkataba ulikuwa na kipengele cha riba, au mzabuni ameipachika tu katika hati ya madai? Mara nyingi utetezi wa kweli unapatikana huko, na ni utetezi unaoweza kuupigania bila kumeza mate.

Kisha andika makadirio mawili ya fedha: gharama ya kumaliza sasa, na gharama ya kushindwa baadaye pamoja na riba. Wakuu wa taasisi husoma tarakimu kabla ya vifungu.

---

Kusi Chambers

Nakubaliana na mzee, na ninaongeza jambo moja la kiutaratibu. Baada ya hati za pande zote kukamilika, shauri litapelekwa kwenye usuluhishi wa mahakama kabla ya kusikilizwa. Msuluhishi hutarajia kwamba aliyekaa mbele yake ana mamlaka ya kufikia makubaliano. Nimehudhuria vikao ambavyo wakili wa Serikali alikuja mikono mitupu, akasema "sina maelekezo", na shauri likarudi kusikilizwa ilhali pande zote mbili zilifahamu kiasi cha kuridhisha. Omba maelekezo sasa, kwa sababu ridhaa ya kumaliza shauri nje ya mahakama hupitia meza nyingi, na hakuna meza kati ya hizo inayofuata kalenda ya jaji.

---

Kijana wa Masjala

Samahani kwa kuuliza, kaka zangu. Je, akiandika maoni hayo halafu taasisi ikakataa, bado ataruhusiwa kuendelea na utetezi?

---

Afisa Sheria Mstaafu

Ataruhusiwa, mdogo wangu, na atapaswa. Wakili wa Serikali hachagui mteja. Kitakachobadilika ni mipaka ya anachoweza kusema. Ana haki ya kumtaka mdai athibitishe dai lake, kuhoji mashahidi, kupinga riba na kuleta hoja za sheria. Hana ruhusa ya kumwambia jaji kwamba vifaa havikupokelewa ilhali ameiona hati yenye mhuri, kwa kuwa yeye ni ofisa wa mahakama hata kabla ya kuwa mtumishi wa taasisi yoyote. Maelekezo ya "kanusha kila kitu" yanaishia hapo.

Wakili_Bonde, kwa siku zilizobaki, ningekuwa mimi ningeandaa utetezi mahususi aya kwa aya na kuuwasilisha ndani ya muda, nikayapeleka maoni wiki hiyo hiyo, na katika jalada la ajira nikaambatisha ukurasa mmoja unaoishauri mamlaka ya nidhamu iangalie uwezekano wa kuanza upya mwenendo ule kwa kamati nyingine na kumkabidhi mtumishi ripoti kamili, badala ya kusubiri kuamriwa hivyo.

---

Wakili_Bonde

Nimeelewa. Ofisa ugavi ameniahidi taarifa za kamati ya mapokezi kesho kutwa, na rasimu ya maoni nitaianza leo jioni. Mama Rasilimaliwatu, nakala ya yale ya ajira nitapendekeza ifike kwa mkurugenzi wa utawala pia, isiishie kitengo cha sheria.