Jamaa kaangalia kikombe cha mafuta, kasema "safi kama maji"!

Tangi la Kushoto: Wakuu, nimekereka hadi mikono inatetemeka. Yule jamaa, mnamjua, wa miwani myeusi hata mvua ikinyesha. Leo, kwenye ukaguzi wa ndege kabla ya kuruka, kachota mafuta chini ya bawa, kainua kikombe juani, kaona cheupe pe, halafu katamka mbele ya mwanafunzi: "Safi kama maji."

SAFI KAMA MAJI! Si KAMA, ndugu yangu. NI MAJI!

Petroli ya ndege, ile 100LL, imetiwa rangi ya buluu makusudi ili hata kipofu aitambue. Lita moja ya petroli ina takriban kilo 0.72, ya maji kilo 1. Kwa hiyo maji huzama chini kabisa ya tangi, palepale penye vali ya kuchotea. Yakiwa kidogo, unayaona yamekaa chini ya buluu, au ni matone yanabingirika. Yakiwa mengi, kikombe kizima ni maji na hakuna mpaka wowote wa kuona! Ndiyo maana unatafuta rangi kwanza, unanusa, ndipo unafungua mdomo. Ukikuta maji unachota tena na tena, unatikisa mabawa taratibu, unasubiri yatuame, unachota tena mpaka itoke buluu tupu. Isipotoka, ndege hairuki, inaitwa fundi.

Yeye kamwaga chini, kaenda zake. Ndege nzima kaizunguka kwa muda wa kupiga chafya mbili. Ndege yenyewe, Cessna 172S, ina sehemu 13 za kuchotea: 5 kila bawa na 3 chini ya pua. Kagusa moja. Hiyo moja ikamwambia ukweli, naye akaisifu! Nilipomwambia, kaniuliza kama ndege ni yangu.

"Safi kama maji." Sitalala leo.

Bawa Chini: Huyo huyo. Flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa, anazitazama akiwa mbali kama anatazama mwezi. Hajawahi kushika roli wala reli zake.

Mzee wa Magneto: Aya zote hizi kwa kikombe kimoja? Mkuu, kunywa maji upoe.

Tangi la Kushoto: Usinitajie maji.

Kijiti: Cheupe si lazima maji. Huenda mtu kajaza mafuta ya ndege za jeti, nayo yamepauka. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli hukauka ikaisha, ya jeti huacha doa la grisi. Injini ya pistoni kama hii ikinyweshwa hayo inagonga na kujiharibu mkiwa angani.

Tangi la Kushoto: Basi ndiyo mbaya zaidi! Hakunusa! "Safi kama maji"!

Nyigu: Afadhali huyo kachota. Kuna mwingine, mnamjua pia, hachungulii kitundu cha bomba la pito, lile linalopokea upepo ili kupima mwendo. Nyigu wakijaza udongo, mnakimbia kwenye njia ya kurukia mshale wa mwendo umelala sifuri. Ukiuona hivyo, unakata gesi na kusimama mapema.

Gurudumu la Pua: Pito mnalizungumzia, na anayeacha fimbo ya kuvutia ndege imening'inia kwenye gurudumu la mbele? Propela ikiigusa, injini lazima ifunguliwe ikaguliwe. Fimbo ikitoka mkononi inaingia kwenye mizigo saa ileile. Haina "nitaitoa baadaye".

Bawa Chini: Propela pia. Watu wanaiegemea kama ukuta. Waya wa ardhi wa magneto, kile kifaa kinachotoa umeme wa cheche za injini, ukikatika, injini inaweza kuwaka hata swichi ikiwa imezimwa.

Kijiti: Oili je? Wanachomoa kijiti cha kupimia hawakifuti, wanasoma michirizi ya ukuta wa bomba lake na kuiita kwoti 7 (kwoti ni karibu lita moja). Futa, rudisha hadi mwisho, chomoa, soma. Kwenye 172S chini ya 5 huondoki.

Mzee wa Magneto: Na wanaojaza mpaka 8 kwa raundi za uwanjani, kuruka na kutua tu. Oili iliyozidi inapulizwa nje, tumbo lote la ndege linang'aa, halafu wanalia oili inavuja.

Gurudumu la Pua: Kitabu cha ndege kinasema 8 kwa safari ndefu. Soma.

Mzee wa Magneto: Safari ndefu, umeandika mwenyewe. Raundi 3 za uwanja ni safari ndefu?

Tangi la Kushoto: Jamani, kikombe...

Kijiti: Subiri mkuu. Nani anakaza kijiti cha oili kwa nguvu injini ikiwa ya moto? Ikipoa hakifunguki! Asubuhi hii tena!

Nyigu: Huyo namjua.

Bawa Chini: Sote tunamjua.