Modeli za plastiki: bei mpya, kalibu ya zamani?

Tabata_48
Wakuu, salaam. Modeli za ndege za kuunganisha zinazidi kupanda bei, halafu ukifungua boksi unakuta plastiki ina ndevu na bawa halikutani na kiwiliwili. Mnachaguaje kabla ya kulipa? Na mzigo mnaufikishaje Dar bila kuumia?

Msasa600
Mkuu, achana na picha ya boksi, ulizia umri wa kalibu, yaani umbo ambamo plastiki humiminwa. Kalibu ya chuma hudumu miongo, kwa hiyo kampuni inabadili boksi na stika, plastiki inabaki ile ile. Ndege ya kivita Spitfire Mk I ya kampuni ya Tamiya ya 1/48 (ndogo mara 48 kuliko ya kweli) ipo ya miaka ya 1990 na ipo ya kalibu mpya ya 2018. Jina moja, vitu viwili. Andika namba ya boksi kwenye Scalemates, tovuti ya orodha za modeli, utaona kalibu ilichongwa lini.

Ndevu hutoka pale nusu mbili za kalibu zilizochakaa zisipobana vizuri, plastiki ikapenya katikati. Vibonyeo juu ya sehemu nene ni plastiki iliyonywea ikipoa. Kalibu mpya kuwa ghali naelewa, kuichonga ni pesa nyingi na wanunuzi wenyewe wachache. Kalibu ya zamani kwa bei ya mpya? Hapo unachezewa.

Mzigo_Posta
Kinachoumiza ni hewa ya ndani ya boksi. Kampuni nyingi za ndege za mizigo hupima urefu × upana × kimo kwa sentimita, zinagawanya kwa 5,000 kupata kilo za kulipia. Boksi la 38 × 24 × 7 linatoka kilo 1.28 hata kama ndani kuna gramu 500. VAT ya 18% nayo inapigwa juu ya thamani pamoja na usafiri, kwa hiyo hewa unailipia mara mbili. Mwambie muuzaji akunje boksi, fremu (vijiti vya plastiki vinavyoshika vipande) azitie kwenye mfuko, stika katikati ya kadibodi mbili, kioo cha rubani akifunge peke yake. Mkiagiza watatu wanne pamoja ndiyo nafuu zaidi.

Tabata_48
Shukrani wakuu. Na lile pengo la bawa? Puti ya magari inafaa?

Msasa600
Inafaa, ila kwenye ukingo mwembamba hubanduka. Katakata vijiti vya fremu hiyo hiyo, jaza theluthi ya kichupa cha gundi nyepesi ya plastiki, acha usiku kucha mpaka iwe uji. Paka izidi kidogo, subiri saa 24. Ukiwahi kupiga msasa itanywea baadaye na mstari utarudi chini ya rangi. Kisha msasa wa maji namba 400, 600, 1000. Kioo usikiguse na gundi supa, mvuke wake unakitia ukungu mweupe. Tumia gundi nyeupe ya mbao.

Mzigo_Posta
Nyongeza: vanishi ya tina ikipulizwa kwenye unyevu wa masika inageuka maziwa. Pulizia mchana wa jua, siyo alfajiri wala baada ya mvua. Stika za zamani jaribu kwanza moja usiyoihitaji kwenye maji. Ikivunjika vipande, karatasi nzima ipulizie vanishi ya kung'aa, ikauke, halafu kila stika uikate peke yake, maana utando umeshakuwa mmoja.