Busti (hewa inayosukumwa na turbo) inapotea njiani: ninunue turbo, nisafishe hii, au niunge mpira moja kwa moja?

MaembeMarafa (Malindi)
Salaam wote. Nna pikapu ya dizeli ya 2007, lita 3, komon reli, turbo yake ni ile yenye vibawa vya kujifungua na kujifunga ndani, vinaendeshwa na vakyumu, yani mvuto wa hewa kutoka kwa pampu. Kampuni sitaji manake mtaanza vita vyenu vya kila siku. Nabeba maembe toka Marafa mpaka soko la Kongowea. Sasa shida ni hii, alfajiri gari inavuta vizuri, Malindi mpaka Gede hakuna neno, ikikaribia Matsangoni inakufa nguvu, moshi mweusi nyuma, taa ya injini inawaka na matatu zinanipita na honi juu. Nikizima nikawasha inarudi kidogo alafu yale yale.

Nimeona mafundi watatu. Wa kwanza kasema turbo imekwisha, nichukue ya eks-Japani, 65,000 na kazi yake. Wa pili kasema vibawa vimeshikwa na masizi, ishushwe isafishwe, 14,000. Wa tatu huyo ndio kanifurahisha, kasema solenoidi ndio mbovu, aitoe, mpira wa vakyumu aupeleke moja kwa moja kwa turbo, 1,500 na chai. Niende na nani?

DizeliMtwapa
Dada huyo wa 1,500 mkimbie. Solenoidi kazi yake ni kupima vakyumu, kompyuta inaiambia sasa vuta sana, sasa legeza. Ukiunga moja kwa moja, rodi ya kugeuza vibawa inavutwa mwisho na inabaki hapo, vibawa vimebana saa zote. Utatoka hapo gari imekuwa simba utamsifu fundi, ukikanyaga mzigo ukiwa nyuma busti inapita kiasi na ekzosti haina pa kupumua. Ukipata bahati kompyuta inaikaba injini, ukikosa bahati ni gasketi ya hedi au turbo yenyewe. Nshaona.

Alafu mbona hakuna hata mmoja aliyekwambia kodi ya kosa, ile namba inayosomwa kwa kompyuta ya gari? Ilisomwa ngapi?

MaembeMarafa
Wa pili alisoma, P0299. Hakunieleza maana.

DizeliMtwapa
Basi ni busti ndogo. Ingekuwa P0234 ndio imezidi. Umeona tayari yule wa kuunga moja kwa moja alikuwa anabahatisha tu.

KakaWaSabaki
Mimi niko na fundi wa kwanza. Binamu yangu alihangaika na mipira na sensa miezi mitatu, mwisho akanunua turbo na mambo yakaisha. Gari ya 2007 na barabara zetu hizi mnataka turbo iishi miaka mingapi jamani

FundiMstaafu_Kilifi
Kaka, turbo iliyokufa haiponi kila alfajiri. Ingekuwa shafti imekwisha ingekuwa mbovu Malindi, mbovu Gede, mbovu Matsangoni. Mama, chomoa mpira mkubwa wa hewa unaoingia kwa turbo injini ikiwa baridi, shika ile nati ya katikati kwa vidole. Ikicheza kidogo kwa upande ni kawaida, ni nafasi ya oili. Ukiisikia inatoka na kuingia, au vibawa vya gurudumu la hewa vinagusa ukuta, hapo ndio tuzungumze 65,000.

Watu wengi huchanganya turbo za zamani na hizi. Zile za zamani zenye mlango wa kupitisha ekzosti pembeni, akchueta (kile kikopo chenye rodi) inasukumwa na presha ya turbo yenyewe, mpira ukipasuka mlango haufunguki, busti INAZIDI. Hizi za vakyumu ni kinyume, vakyumu ikipotea vibawa vinafunguka wazi na busti INAPUNGUA. Kwahivo wewe na P0299 yako anzia kwa vakyumu na kwa mipira ya hewa ya intakula (kile kipozeo cha hewa ya turbo), uchunguzi ni bei ya sabuni. Paka povu kwenye maungio ya mipira ya intakula, mwenzio akanyage, utaona mapovu. Na penye oili nje usiseme tu oili, hapo hewa nayo inatoka.

Baharini_Mambrui
Naongeza, hapa kwetu kuna chumvi. Ile plagi ya solenoidi ichomoe uitazame ndani, ukiona ukijani umepata mchawi wako. Gari yangu mimi ilikaa karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni mwaka mzima, plagi zote zilikuwa kama zimepakwa chokaa.

Nairobi_Diesel_Guy
Sasa mkiskani pia angalieni sensa ya presha ya hewa. Washa swichi bila kustarti, iwe kama kilopaskali 83 hivi. Yangu huwa hapo.

FundiMstaafu_Kilifi
83 ni kwenu huko juu bwana. Sisi tuko usawa wa bahari, swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa inatakiwa isome kama 100. Akisoma 83 hapa Malindi basi sensa yake inadanganya. Mtamfanya mama wa watu anunue sensa bure.

Nairobi_Diesel_Guy
😂😂 ukweli, nimesahau nyinyi mnaishi chini. Samahani madam.

Toyota_ni_Toyota
Ungekuwa na injini ya Toyota ya 1KD hizi hadithi za mipira zisingekuwepo, vibawa vya turbo yake vinaendeshwa na mota ya umeme, haina vakyumu.

DizeliMtwapa
Na hiyo mota ikifa uje utuambie bei. Tuendelee.

MaembeMarafa
Nimerudi. Nimemwita kijana mwenye pampu ya mkono ya vakyumu. Nati ya turbo haitoki wala haiingii. Povu hakuna. Plagi safi. Sensa 101. Tumefunga pampu kwa akchueta, rodi imepanda taratibu mpaka juu bila kukwama, tukaacha dakika nzima mshale haukushuka. Vakyumu kwenye solenoidi injini ikiwa inanguruma ni inchi 26 za zebaki. Breki, ambazo nazo hutumia vakyumu, ni nyepesi kukanyaga. Yani kila kitu kizuri!! Gari inanifanya mwongo.

FundiMstaafu_Kilifi
Basi la kusafisha nalo liweke kando, rodi ingekwama kama masizi yamejaa. Na siku ukisafisha usikubali mtu apulize dawa ya oveni ndani ya turbo ikiwa imefungwa, zile zenye magadi makali zinakula aluminiamu, na ile skrubu ndogo ya kuzuia rodi asiiguse.

Lakini mama, ulipima saa ngapi?

MaembeMarafa
Saa 1 asubuhi, gari ililala.

FundiMstaafu_Kilifi
Ndio hapo. Ugonjwa unakuja Matsangoni, nyinyi mnapima Malindi. Pakieni mzigo, endesheni mpaka ife, simameni pembeni MSIZIME injini, pimeni vakyumu sehemu mbili, inapotoka kwa pampu na inapofika kwa solenoidi. Ukizima tu ushahidi umeondoka.

KakaWaSabaki
Bado nasema turbo

MaembeMarafa
Jamani. Jumamosi tumefanya hivo, gari imekufa mbele kidogo ya Matsangoni, tukasimama chini ya mkwaju, boneti juu, joto la injini usoni. Kwenye pampu inchi 26. Kwenye solenoidi 9. Yule kijana akafuata mpira kwa kidole, unapita nyuma ya injini hapo usipoona mpaka uinamishe kichwa, katikati akakuta kipande cha rangi ya maziwa kimeungwa, kimelala bapa kama utepe. Kumbe ni mpira wa dripu! Ule wa hospitali! Fundi fulani zamani alikatikiwa na mpira akaziba na alichokuwa nacho. Baridi uko mviringo na mgumu, ukipata moto unalainika, vakyumu inaunyonya unabana wenyewe. Tukazima, tukausikia unafunguka, ''pwap'', ukarudi mviringo kama haujafanya kitu.

Tumeukata, tumeweka mpira mzito wa vakyumu wa milimita 4, mita moja 250. Nimekwenda Kongowea na kurudi na mzigo kamili, hata daraja la Kilifi nimelipanda nikiwa na gia ya 4. Taa haijawaka.

DizeliMtwapa
250!!! Na ulikuwa unatoa 65,000. Kaka wa Sabaki uko wapi

KakaWaSabaki
Niko. Binamu yangu nimempigia simu sasa hivi nimuulize ile turbo ya zamani aliiweka wapi.

Mokowe_Jeti
Samahani kuingilia, mimi niko Mokowe, nabeba mizigo ya Lamu, gari yangu ikifika Witu inachoka vile vile nikasema ni mchanga na mzigo. Baada ya kusoma hapa nimetoka na tochi. Kuna anayejua huku napata wapi mpira wa milimita 4? Manake wangu nimeuona, unaonyesha ndani.