Naomba ushauri: chumba cha juu hakipoi wala hakipati joto

Habari zenu wadau. Chumba cha juu hakipoi hata kiyoyozi kikishinda kimewashwa, na msimu wa baridi hita inashindwa. Mama ndiye analala humo, naumia sana. Nimesafisha chujio, nimebandika utepe wa mpira madirishani, wapi!

Jana nilizima jiko la gesi, nikafunga kila kitu, nikawasha feni ya kutolea hewa jikoni, kisha nikapitisha udi unaofuka nione hewa inapenya wapi. Dirishani moshi ulipanda wima. Kwenye tundu la taa ya dari ukasukumwa chini ghafla.

Fundi anashauri kipimo cha feni ya mlangoni (feni kubwa inayofungwa mlangoni na kuvuta hewa nje ili kupima nyumba inavyovuja), kwa tofauti ya shinikizo la hewa ya paskali 50 kati ya ndani na nje. Je, kitaonyesha hewa inapopenya au kiasi tu? Na nizibe dari sasa, au nipime kwanza nipate cha kulinganisha?