Nyumba za kulaza wagonjwa waliotoka kupasuliwa: nani anazikagua? Mimi sijamwona

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Ukitaka kuuza chipsi hapa Dar, bwana afya atakudai cheti cha kupima afya, atakagua choo, atauliza maji unatoa wapi. Ukitaka kulaza ndani kwako mama aliyewekewa nyonga ya bandia juzi tu, unahitaji vitanda na namba ya simu ya mtu wa wodini. Basi.

Biashara yenyewe wengi mnaijua. Mgonjwa katoka Kigoma au Songea kwa rufaa, kapasuliwa, wodi imejaa, karuhusiwa. Basi la kurudi haliwezi, nyuzi hazijatolewa, kliniki ni wiki mbili mbele. Ndugu wa mjini kapanga chumba kimoja, choo cha nje. Hapo ndipo mtu anakunong'oneza kwenye korido: "Kuna sehemu nzuri, manesi wapo usiku na mchana." Naye ana cha juu chake, tusidanganyane.

Shangazi yangu alikaa kwenye nyumba mojawapo. Elfu sitini kwa siku, chakula humo humo, dawa juu yetu. Geti la maana, marumaru zinang'aa, televisheni ukutani. "Nesi" ni binti mmoja mpole wa kozi ya miezi michache, na usiku wagonjwa wote ni wake peke yake. Simlaumu yeye, namlaumu aliyemwajiri. Nilimwona kwa macho yangu: anafungua bandeji ya huyu, anasafisha kidonda, anahamia kitanda cha pili na glovu zile zile. Nikaomba rekodi ya joto na presha ya shangazi. Nikaletewa kauntabuku. Ndani yake kuna nani kalipa na nani anadaiwa, hakuna kingine.

Kilichonichoma zaidi ni sindano. Aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga huandikiwa dawa ya kuzuia damu kuganda. Shangazi, naye wa nyonga, aliandikiwa za kuchoma kwenye ngozi ya tumbo, kila siku. Damu ikiganda mguuni, bonge linaweza kusafiri hadi kwenye mapafu, na mtu akakata roho mnaongea naye. Nilizinunua mimi. Nilizikuta kwenye droo, hazijaguswa. Eti "mama alisema zinauma". Mguu umevimba mpaka kwenye paja, na mgongoni chini ngozi imeanza kubanduka kwa kulazwa chali bila mtu wa kumgeuza. Tulimrudisha hospitali usiku ule ule, wakakuta bonge la damu kweli. Yuko hai, Alhamdulillah.

Mwenye nyumba alivyopigiwa simu? "Sisi tunatoa malazi tu, matibabu ni ya hospitali." Lakini wodini walituambia kuna manesi!

Nikaanza kuzunguka maofisini. Ofisi ya kwanza: hiyo si hospitali, ni malazi, nenda kwa wanaotoa leseni za biashara. Wa leseni: karatasi zao ziko sawa, habari za wagonjwa ni za watu wa afya. Tunayo Sheria ya Hospitali Binafsi tangu 1977, tunalo Baraza la Uuguzi na Ukunga lenye sheria yake ya 2010, ila nyumba ikijiita hosteli na binti akiitwa mhudumu, kila mmoja anasema hilo si lake.

Na msiseme haiwezekani. Miami kuna utitiri wa nyumba za aina hii kwa wanaokwenda kuongezwa makalio. Sheria ya jimbo la Florida inasema ukiwalaza watu wazima wasio ndugu zako, ukawalisha na kuwasaidia kuoga na kuvaa kwa malipo, uwe na leseni. Huna, ni jinai, hadi miaka 5 jela. Wahuni bado wapo, lakini polisi wana cha kuwakamatia. Sisi hapa, Hospitali ya Mloganzila wanaweka nyonga na magoti bandia, wanafanya mpaka upasuaji wa urembo, na safi sana. Hao watu wakitoka pale wanakwenda kulala wapi?

Kuna atakayekuja na "ungemuuguzia kwako". Mkuu, chumba nimeshakueleza. Wala sitaki zifungwe, zinahitajika mno. Nataka zisajiliwe kama sehemu za wagonjwa, kila zamu iwe na muuguzi mwenye leseni ya Baraza, karatasi ya kuruhusiwa iliyoandikwa dozi na dalili za hatari ikabidhiwe kwake kwa sahihi, na mtumishi anayeuza wagonjwa kwa kamisheni afukuzwe kazi. Hili la kamisheni lingeweza kuanza kesho asubuhi, halihitaji Bunge.

Jina la nyumba siliweki hapa, malalamiko nimeshayaandika na risiti nimeambatanisha. Mliowahi kulaza ndugu kwenye nyumba hizi, wekeni hapa mlilipa kiasi gani na nani aliwaelekeza. Na nyie mnaofanya kazi wodini, mnalipwa shilingi ngapi kwa kichwa?