Helen Gibson au Helen Holmes: nani aliruka juu ya treni?

Msoma_Mikanda:
Wakuu, naandaa makala kuhusu Helen Gibson, mwigizaji wa filamu bubu za kikauboi. Kuna wanaosema mfululizo wa filamu fupi *The Hazards of Helen* ni kazi yake, wengine wanampa Helen Holmes. Na kule kurukia paa la treni inayokimbia, ni yeye kweli au ni ujanja wa kamera? Halafu baada ya 1920 alipotelea wapi?

Mkanda35:
Wote wamo. Mfululizo huo wa kampuni ya filamu ya Kalem ulikuwa na sehemu 119, kuanzia Novemba 1914 hadi Februari 1917. Holmes ndiye aliyeanza. Mwaka 1915 akaondoka na mumewe, mwongozaji J.P. McGowan, na kuanzia sehemu ya 50 akaingia Rose Wenger, mzaliwa wa Cleveland, mke wa mwigizaji wa kikauboi Hoot Gibson tangu 1913. Jina la Helen alipewa na kampuni. Kila sehemu ni kisa kamili cha mkanda mmoja, kwa hiyo kipande kikipoteza maandishi ya jina yaliyo mwanzoni ni rahisi kumbandika Helen mwingine. Angalia tarehe kwanza, sura baadaye.

Tahadhari nyingine: mwaka 1922 Hoot alimwoa Helen Johnson. Ukikuta "Bi. Helen Gibson" kwenye magazeti ya miaka hiyo, hakikisha ni yupi.

Garimoshi_la_Zamani:
Aliruka mwenyewe. Sehemu inaitwa *A Girl's Grit*, 1915: anatoka paa la stesheni hadi juu ya treni inayokimbia. Umbali kati ya paa na behewa ulipimwa, akafanya mazoezi treni ikiwa imesimama. Siku ya kupiga picha treni ilipewa takriban robo maili ishike mwendo, na muda wake ukahesabiwa kwa sekunde.

Hatari kubwa iko kwenye kutua. Anayetoka kwenye paa hana mwendo wa mbele, behewa linao. Miguu ikigusa tu inavutwa mbele, kiwiliwili kinabaki, mtu anabingirika kuelekea mkia wa behewa. Ndivyo ilivyomtokea. Akadaka kitundu cha hewa cha behewa, na badala ya kujivuta juu haraka akauning'iniza mwili ukingoni ili picha ipendeze zaidi. Alitoka na michubuko tu. Treni iliyosimama haiwezi kumfundisha mtu hilo, ndiyo maana namheshimu mno mama huyu.

Hatamu:
Mkuu, makala yako ianze na farasi. Mwaka 1910 alijiunga na maonyesho ya wapanda farasi ya Miller Brothers 101 Ranch, akajifunza kuinama kutoka kwenye tandiko na kuokota leso chini farasi akiwa mbioni. Maonyesho yalipofungwa Venice, California, mwaka 1911, mtengenezaji filamu Thomas Ince aliwaajiri wapanda farasi hao kwa dola 8 kwa wiki. Farasi walilala Venice, na kila siku walipandwa maili tano hadi Topanga Canyon kwenye kazi. Mwaka uliofuata Kalem walimlipa dola 15 kwa wiki.

Baada ya Kalem alikwenda kampuni ya filamu ya Universal. Mwaka 1920 akafungua kampuni yake, fedha zikaisha kabla filamu haijakamilika. Mwaka 1921 kidole tumbo kikapasuka, na kazi za uigizaji mkuu zikakauka. Ujuzi wa farasi haukumtupa: 1924 yuko sarakasi ya Ringling, 1927 amerudi Hollywood akifanya matukio ya hatari kwa niaba ya mastaa, Marie Dressler akiwemo. Kazi yake ya mwisho ni *The Man Who Shot Liberty Valance* (1962), akiendesha gari la farasi kwa dola 35, umri ukikaribia 70. Alifariki Roseburg, Oregon, 1977.

Msoma_Mikanda:
Asanteni sana. Mbona kwenye nakala niliyonayo treni inakwenda kasi ya ajabu?

Mkanda35:
Inaonyeshwa kwa fremu (picha moja moja za mkanda) 24 kwa sekunde, kasi kuliko ilivyopigwa. Mkanda wa futi 1,000 una fremu 16,000: kwa fremu 16 unachukua karibu dakika 17, kwa 24 ni dakika 11. Jaribu 16, kisha panda hadi 18 ukitazama watu wanavyotembea, usitazame treni. Ila wapiga picha walizungusha kamera kwa mkono, na nyakati nyingine walipunguza mzunguko makusudi ili treni ionekane inakimbia zaidi. Vipande hivyo viache vilivyo.