Maine: Lewiston, Portland au nje kabisa mashambani? Wazigua na Waswahili mlioko huko naombeni ulinganisho

BabaZuhura_TX
Asalaam aleikum wadau. Sisi ni familia ya watu sita, Wazigua wa mto Juba kule Somalia, tulipita kambi za Dadaab halafu Kakuma nchini Kenya na tangu tuingie Marekani tuko Texas. Mama mkwe yuko Lewiston na kila akipiga simu ni njooni njooni. Sipingi ila nataka kuelewa kwanza, maana Maine ni jimbo la vijijini haswa, zaidi ya nusu ya watu wake wanakaa nje ya miji, na nikiangalia ramani ya sensa ya asili za watu naona watu wetu wamebanana sehemu mbili tatu halafu kwingine kote kweupe. Huyu anasema Portland kazi, yule Lewiston nyumba, mwingine ananiambia nikakae kijijini nilime. Watoto wanne wote wako shule, mke anataka kusomea unesi. Nilinganishieni, ukweli mtupu.

mama_lewiston
Waaleikum salaam baba Zuhura, mkweo kasema kweli. Ujue kwanza kwa nini tuko hapa. Huu ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, wafanyakazi wengi walikuwa Wakanada wa Kifaransa waliotoka Quebec, viwanda vikafa kimoja kimoja, watu wakahama, yale majumba ya mbao ya ghorofa tatu nne yakabaki na vyumba vitupu. Wasomali walifikia Portland, nyumba zikawa hazitoshi, ndo kuanzia Februari 2001 wakaanza kumiminika huku, wengi wakitokea Clarkston kule Georgia na Columbus Ohio. Sisi Wabantu wa Somalia, Wazigua tukiwemo, tukafuata kama 2005. Hakuna ofisi iliyokaa ikapanga kwamba hawa waende Lewiston, wengi wetu tulikuwa tumepelekwa miji mingine kabisa, mtu akaja akaona nyumba ipo na shule ipo akamwita dada yake, dada akamwita shemeji. Kwa hiyo hiyo ramani unayoiona ni ramani ya undugu, usitegemee watu watawanyike sawasawa jimbo zima.

Na haikuwa rahisi. Oktoba 2002 meya aliandika barua ya wazi akitaka Wasomali wapunguze kuja, Januari 2003 wabaguzi wakaja kufanya mkutano wao wakajikuta wachache mno, siku hiyohiyo pale chuo cha Bates College hapahapa Lewiston walijaa maelfu kuwatetea wageni. Leo nenda Lisbon Street ukaone maduka ya halali yalivyopangana.

Uvira_Portland
Jambo wandugu. Mimi ni Mkongomani, nasema ya upande wetu. Portland kazi zipo kweli, hoteli, hospitali, viwanda vya samaki, kulea wazee majumbani, na mtu asiye na gari anaweza kuishi kwa basi. Shida ni nyumba, kodi ya Portland ni moto na ukiwa na watoto wanne utatafuta mpaka uchoke. Ndugu zetu wengi sasa wamesogea Westbrook, pale jirani tu.

Lakini tofautisha makaratasi. Ninyi mliingia kama wakimbizi, siku ya kwanza una haki ya kazi. Sisi wengi tuliomba hifadhi baada ya kufika. Kiangazi cha 2019 watu zaidi ya 400, wengi wa Congo na Angola, walilala kwenye uwanja wa basketi wa Expo, vitanda vimepangwa mistari pale pale wanapochezea mpira, walikuwa wamevuka misitu ya Panama kwa miguu wakaingilia Texas. Na mwomba hifadhi anasubiri miezi isiyopungua sita ndo apate kibali cha kazi. Mtu wa namna hiyo anabaki Portland kwa sababu wanasheria na misaada iko Portland, si kwamba hapajui kwingine. Kwa hiyo ukiona Wakongo wamejaa Portland na Wazigua wamejaa Lewiston usidhani ni kupenda tu.

ZoneTatu
Umesahau Auburn mkuu. Unavuka daraja la mto Androscoggin tu uko Auburn, pametulia, na chuo cha Central Maine Community College kiko huko na unesi wanafundisha, shemeji atasomea karibu. Ila Auburn bila gari utateseka. Lewiston mpaka Portland ni maili 35 hivi, wapo wanaoendesha kila siku kwenda kazini na kurudi kulala Lewiston, mimi mmoja wao, theluji ikishuka usiku inabidi utoke mapema sana.

BabaZuhura_TX
Ahsanteni sana. Mama lewiston hebu niambie ya nyumba, huku Texas tumezoea kiyoyozi sio hita.

mama_lewiston
Haya sikiliza vizuri, hapa ndipo wageni wengi wanapoumia. Swali la kwanza kabla hujatoa dipoziti, joto liko ndani ya kodi au ni juu yako? Maine nyumba nyingi zinapashwa joto kwa mafuta, kuna tenki besimenti lori linakuja kujaza, na baridi inaanza Oktoba mpaka Aprili. Unaweza kupata apatimenti ya bei ya chini ukafurahi, Januari ikifika bili ya mafuta ikakaribia kodi yenyewe. Shuka besimenti ulione tenki kwa macho yako, uliza nani anajaza, iandikwe kwenye mkataba. Pili angalia madirisha, weka mkono pembeni ya fremu usikie kama upepo unapita.

La tatu ni rangi. Mitaa yetu ya katikati, Birch, Bartlett, Walnut na hiyo mingine ya majina ya miti, nyumba ni za zamani sana na rangi ya kale ina madini ya risasi (lead). Inabanduka dirishani, vumbi linadondoka sakafuni, mtoto anatambaa anatia mkono mdomoni. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto na haitoi dalili mapema. Lewiston tatizo hili ni kubwa, nimeona familia zimehangaika nalo miaka. Wadogo wakapimwe damu, umri wa mwaka 1 na tena wa miaka 2, usisubiri daktari akukumbushe. Mwenye nyumba akikwambia ameshapaka rangi mpya muulize ile ya zamani ilitolewa au ilifunikwa.

Mzigua_Handeni
Nawasalimu kutoka Handeni. Nasoma hapa roho inajaa. Hawa ni damu yetu, wazee wao walichukuliwa utumwani karne ya 19 wakapelekwa Somalia, vita ya 1991 ikawatoa, wengine wakarudi huku kwetu wako Chogo na wamepewa uraia wa Tanzania. Naomba kuuliza, watoto wa huko Maine bado wanasema Kizigua?

mama_lewiston
Shikamoo kaka wa Handeni. Wanasema, hasa penye bibi. Hilo nalo baba Zuhura uliweke kwenye mizani, ukikaa mbali peke yenu Kizigua kitakufa kwa hao wanne.

takwimu_mezani
Kidogo kuhusu ramani. Sensa ya Marekani inauliza asili kwenye ule uchunguzi wa kila mwaka wa sampuli, mtu anajiandikia mwenyewe. Mzigua mmoja ataandika Msomali, mwingine Mbantu, mwingine Mwafrika basi. Kwenye mji mdogo wenye familia tano sampuli inaweza kuwapita wote. Kwa hiyo pale kweupe usisome kama hakuna mtu, uliza misikitini na mashuleni.

BabaZuhura_TX
Na kulima je? Baba yangu alikuwa mkulima Juba, mkono unawasha.

ZoneTatu
Kulima kupo na huhitaji kuhamia kijijini. Jumuiya ya Wabantu wa Somalia ina Liberation Farms pale Wales, eka zaidi ya 100, si mbali kutoka Lewiston. Familia inapata kipande chake kidogo, mchicha, bamia, maharage, halafu kuna kikundi cha iskashito, yaani ushirika, wanalima mahindi magumu ya unga kwa pamoja. Watu wanalala mjini wanaenda shamba jioni baada ya shifti. Msimu mfupi, unapanda mwisho wa Mei baridi kali inarudi vuli, ukichelewa wiki mbili umekosa. Mimi kukaa peke yenu kijijini na watoto wanne sishauri, basi la shule litafika lakini mke asiyeendesha atafungwa ndani miezi sita.

Uvira_Portland
Hapo naungana naye. Kama ni kazi tu ningesema Portland, ila kwa familia kama hiyo Lewiston au Auburn.

BabaZuhura_TX
Basi naanza Lewiston kwa mama mkwe, natafuta Auburn taratibu, mke kwanza apate leseni ya gari. Tutakuja mwezi wa sita shule zikifungwa.

mama_lewiston
Mwezi wa sita kipande cha shamba cha mwaka huu utakuwa umekikosa, mwambie mkweo aulizie mapema wakupandie kwa jina lako. Kadi za chanjo za watoto na matokeo ya shule ya Texas beba mkononi usiweke kwenye lori la mizigo, ndizo watakazokudai kwanza. Na gari, msimu wa theluji kuna marufuku ya kuegesha barabarani usiku, kwa hiyo nyumba iwe na sehemu yake ya gari.

BabaZuhura_TX
Nimeandika yote. Leo usiku nampigia mama mkwe.